Veni ya kugeuza nyumba ya safari: uchukue chasisi ya kilo ngapi?

Wengi huanza kwa kupima kama kitanda kitaenea. Mimi nasema fungua mlango au boneti kwanza, utafute kibao chenye mistari minne ya kilo: uzito wa juu kabisa wa gari na vyote vilivyomo, gari pamoja na trela, ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma. Huo wa mwisho ndio unaoponza watu.

Nachukulia uko Uingereza kama mimi, na unaitazama Fiat Ducato, ambayo hugeuzwa sana huku Ulaya. Hivi ndivyo ningezipanga chasisi zake kwa uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibao, bora kwanza.

1. Kilo 3,500, chasisi nzito (Maxi). Leseni ya daraja B, ile ya kawaida ya gari dogo, inaishia 3,500. Chasisi nyepesi nayo unaweza kuikuta na 3,500 hiyo hiyo kwenye kibao, ila ekseli yake ya nyuma inabeba 2,000. Ya Maxi ni 2,400. Na vitu vizito hukimbilia nyuma: kitanda, tangi la maji, betri. Baiskeli zikining'inia nje ya mlango wa nyuma ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu huikandamiza ekseli kuliko uzito wao wenyewe, huku mbele pakinyanyuka.

2. Kilo 3,500, chasisi nyepesi, bodi ya urefu wa kati. Inawatosha wawili wasio na mizigo mingi.

3. Zaidi ya 3,500. Aliyepata leseni ya gari hapa kabla ya 1 Januari 1997 ana daraja C1 pia, hadi kilo 7,500. Sisi tuliokuja baadaye lazima tufanye mtihani. Ukivuka kwenda Austria, stika ya ushuru wa barabara kuu haikutoshi tena. Utafungiwa kifaa kinachohesabu kilomita.

4. Kilo 3,000. Bei yake inavutia, lakini ningeiacha. Bodi ni karibu ile ile ya ndugu yake wa 3,500, kwa hiyo zile kilo 500 zilizopungua zimekatwa karibu zote kwenye mzigo wako.

Sasa hesabu. Tuseme veni tupu, dizeli ikiwa imejaa, ni 1,950. Kwa 3,500 unabaki na 1,550. Watu wanne 300, maji lita 100 ni kilo 100, nguo, chakula na vyombo 200. Zimebaki 950 za kabati, joto, umeme na gesi, na hapo plaiwudi inakula kimya kimya: bao moja la birchi la futi 8 kwa 4, milimita 18, ni kama kilo 36. La popla ni kama 24. Kwa mabao kumi umeokoa kilo 120.

Usitegemee uzito ulioandikwa kwenye brosha, maana ni wa gari lisilo na nyongeza yoyote. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji mpitishe gari kwenye mizani ya umma, ekseli moja moja. Akikataa, tafuta nyingine.