Framework 13 au ThinkPad T480? Jibu la fundi wa Kariakoo

Swali hili linaletwa sana mezani kwangu siku hizi, hasa na vijana wenye ndugu Ulaya: nimwagize Framework, ile laptopu inayobadilishwa kila kipande, au nichukue ThinkPad, laptopu ya Lenovo, ya mtumba iliyotoka maofisini, kama T480? Zote mbili nimezifungua. Nasema kama mtu anayekula kwa bisibisi.

Framework nianze nayo, maana sifa inazistahili. Kampuni yenyewe ni ya San Francisco, na laptopu yake ya inchi 13.5 iliingia sokoni mwaka 2021. Bisibisi unaikuta ndani ya boksi. Unalegeza skrubu tano za chini, na hazidondoki, zimeshikiliwa humo humo kwenye kava. Unaigeuza, unanyanyua kipande cha kibodi kilichonaswa kwa sumaku, na vyote viko wazi mbele yako: RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), diski, betri, feni. Vipande vina msimbo wa QR. Ukiupiga kwa kamera ya simu unaletewa maelezo ya kukibadilisha. Mtu asiye fundi anaiweza kazi hii, na sisemi hivyo kwa furaha, riziki yangu ipo hapo.

Lakini kilichonifurahisha kweli ni matundu ya pembeni. Mashine nyingi zinazonifikia zina ugonjwa wa tundu la chaji. Waya umevutwa, mtoto kaukwaa akipita, tundu limelegea, chaji inaingia ukiishikilia kwa kidole. Siku hizi tundu la USB-C mara nyingi limelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, ule ubao mkuu wa ndani, na T480 nayo iko hivyo. Kulitoa kunataka hewa ya moto, lenzi na mkono usiotetemeka. Ukizidisha joto kidogo umeua bodi nzima, na mteja yuko kwenye benchi anakuangalia. Kwenye Framework, tundu unalochomeka kila siku liko kwenye kikadi kinachochomoka ubavuni. Kimechoka? Chomoa, weka kingine, endelea na kazi. Aliyebuni hiki kitu amewahi kukaa karibu na fundi.

Jambo jingine: bodi mpya walizotoa baadaye, za Intel na za AMD, zinaingia kwenye kasha lile lile la 2021. Kioo, kava na betri vinabaki, unabadilisha moyo tu.

Sasa njoo Kariakoo. Kikadi kimekufa leo, unakipata duka gani? Hakuna. Spea yoyote inasubiri mtu anayekuja likizo. Betri ndiyo mtihani mkubwa, kwa sababu betri ya lithiamu ya akiba hairuhusiwi kwenye begi la mzigo ndani ya ndege. Lazima aibebe mkononi. Mwombe shemeji yako uone.

T480 ni ya mwaka 2018, imetembea, na haina urembo. Ila ilinunuliwa na makampuni kwa maelfu, na yakishazichoka zinashuka huku kwetu, pamoja na zilizokufa ambazo tunazichuna spea. Kioo, kibodi, feni, bawaba, kava, ukiuliza asubuhi unaweza ukafungiwa kabla ya adhuhuri. RAM ina nafasi mbili, diski inabadilishwa, na mwongozo rasmi wa matengenezo unapatikana bure mtandaoni. Kibodi ina njia za kupitisha maji yakimwagika, na kwa wanywa chai wa nchi hii hilo si dogo.

Halafu kuna betri mbili, moja ndani, moja nje. Ile ya nje unaichomoa mashine ikiwa inawaka na kupachika nyingine, ya ndani inashikilia. Umeme ukikatika mchana kutwa, mwenye betri ya nje ya pili ndiye anayemaliza kazi. Framework haina hilo.

Kwa hiyo kwa mtu wa Dar, Mwanza au Mbeya anayefanya uhasibu, uandishi au anayesoma, nasema T480. Hela ya Framework mpya, kabla hata ya nauli, inanunua T480 zaidi ya mbili. Framework mpe anayeishi Ujerumani au Uingereza, au anayesafiri mara kwa mara. Huyo sitamzuia, nitamwonea wivu.

Angalizo kwa wanunuzi: usishuke chini ya T480. ThinkPad T470 haimo kwenye orodha ya mashine zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 2025. Usikimbilie wembamba pia. ThinkPad X1 Carbon ni nzuri kushika, lakini RAM yake imelehemiwa, uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. ThinkPad T14 ya kwanza ina nusu kwa nusu, moja imelehemiwa, moja ni ya kuchomeka. Walijirekebisha kwenye T14 Gen 5 ya 2024, nafasi mbili zikarudi, ila bei yake bado ni ya wakubwa.

Na kabla hujatoa hela, washa mashine ubonyeze F1 uingie BIOS, ile mipangilio ya ndani inayokuja kabla ya Windows. Ikidai nenosiri, na muuzaji akaanza na "hiyo kawaida tu bosi, inatoka", mrudishie mashine yake uhamie duka la pili.