Ramani za uwezekano wa theluji za NWS: zinafaa, ila zina pa kuchungulia mara mbili

Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, NWS, hutoa bure ramani tatu kila dhoruba ya theluji inapokaribia. Ya kwanza ndiyo inayosambaa kila mahali: theluji inayotarajiwa, namba moja kwa kila mji. Ya pili ni kiwango cha chini, ambacho theluji ina nafasi 9 kati ya 10 ya kukipita. Ya tatu ni kiwango cha juu, ambacho kina nafasi 1 tu kati ya 10 ya kupitwa. Pamoja nazo lipo jedwali la asilimia linaloonyesha uwezekano wa kupata angalau inchi 1, 2, 4, 6 na kuendelea. Kwa wale ambao dhoruba ikiisha hushika rula kujua nani alipatia na nani alichemsha, hakuna huduma ya bure inayoizidi hii. Uzuri wake uko kwenye zile ramani mbili za pembeni. Ile ya katikati, yaani ya theluji inayotarajiwa, ikisimama peke yake imeshawaponza wengi.

Chukua dhoruba ya tarehe 26 na 27 Januari 2015. Jiji la New York lilitabiriwa inchi 20 hadi 30, yaani sentimita 50 hadi 76, na treni za chini ya ardhi zikasimamishwa kwa ajili ya theluji kwa mara ya kwanza katika historia yake. Central Park, bustani ya jiji hilo inakopimwa theluji, ikapata inchi 9.8. Lakini Islip, kama kilomita 75 tu upande wa mashariki, ilipata karibu inchi 25, na Worcester kule Massachusetts ikafika 34.5. Kwa hiyo aliyesema dhoruba haikuja alikosea. Ilikuja na nguvu zake zote, ila ukingo wake wa magharibi uliishia mashariki ya pale ulipotarajiwa. Modeli (programu ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa) ya Ulaya, ECMWF, iliyojijengea heshima kubwa kwa kimbunga Sandy cha 2012, iliishusha theluji nzito juu ya jiji. GFS, modeli ya Marekani, ilikuwa imeiweka dhoruba baharini zaidi na kuipa New York kiasi kidogo. Gary Szatkowski, aliyekuwa mkuu wa ofisi inayohudumia eneo la Philadelphia, aliomba radhi hadharani kwa utabiri wa dhoruba hiyo.

Katika hali ya namna hiyo, ambapo mwendo wa kilomita chache unabadilisha kila kitu, fanya hesabu moja ndogo kabla ya kuamini namba ya katikati. Toa kiwango cha chini kwenye kiwango cha juu. Kama tofauti inazidi namba inayotarajiwa yenyewe, usipange chochote kwa kutegemea namba hiyo. Tuseme mji unatarajiwa kupata inchi 8, chini ni 1 na juu ni 14: tofauti ni 13, maana yake mji umekaa kwenye ukingo. Mwingine unatarajiwa inchi hizohizo 8, chini 6 na juu 11. Hapo tofauti ni 5, na mwenye koleo anaweza kujiandaa bila wasiwasi. Kwenye ramani ya katikati miji hii miwili ina rangi ileile.

Sasa kasoro zake. Ya kwanza haitokani na NWS: ramani ya kiwango cha juu hukatwa kichwa na kusambazwa kana kwamba ndiyo utabiri. Ukiona ramani isiyo na maandishi ya juu, ipuuze.

Ya pili ni muda. Kila ramani ina saa ya kuanzia na ya kumalizia, na toleo linalotoka dhoruba ikiwa tayari imeanza linaweza kuhesabu theluji iliyobaki tu. Ukiilinganisha na jumla ya dhoruba nzima utasema walitabiri kidogo, kumbe nusu ilikuwa imeshaanguka. Ya tatu, kila ofisi huchora eneo lake, hivyo namba zinaweza kuruka ghafla kwenye mpaka wa ofisi mbili. Theluji haijui mipaka hiyo. Na toleo jipya likija, la zamani linaondoka ukurasani. Hifadhi picha saa 48, 24 na 12 kabla ya theluji kuanza. Maandishi ya utabiri yanapatikana kwenye hifadhi ya Iowa State University, lakini usisubiri dhoruba iishe ndipo uanze kutafuta picha.

Wengi huweka pembeni ya ramani hizi zile zinazotolewa moja kwa moja na modeli, na hapa ndipo makosa ya kizembe yanapozaliwa. Ramani ya 10 kwa 1 huchukua maji yote ambayo modeli inaona yataanguka yakiwa yameganda, kisha huyazidisha kwa 10. Kwenye mpaka wa theluji na mvua, mengi ya maji hayo huanguka kama vijibarafu vigumu vinavyodunda vikigonga dirisha. Milimita 25 za maji zikija kama vijibarafu hulaza sentimita 5 hadi 8 tu, lakini ramani itakuandikia 25. Njia ya Kuchera, inayobadilisha kizidisho hicho kulingana na joto, ni nafuu: huangalia joto la juu kabisa katika hewa kuanzia ardhini hadi kimo ambacho shinikizo la hewa ni hektopaskali 500, kama kilomita 5.5 juu. Likiwa sufuri hutumia 8 kwa 1, likiwa nyuzi 2 chini ya sufuri hutumia 12 kwa 1, likiwa 10 chini ya sufuri hufika 20 kwa 1. Bado haijali kama hewa inapanda pale penye nyuzi 12 hadi 18 chini ya sufuri, ambako chembe pana zenye matawi hukua, wala haijali upepo unaozivunjavunja njiani. Kwa mpaka wa theluji na mvua, ramani za NWS zinashinda zote mbili, kwa sababu kuna mtu amekaa akazipitia.

Ulinganisho wote huo ni bure kama kipimo chako ni kibovu. Tumia ubao wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, sentimita 40 kwa 40 au 60 kwa 60, mbali na kuta, miti na uzio. Chomeka kigingi kirefu chenye kitambaa pembeni yake. Mwaka 2016, kwenye uwanja wa ndege wa Reagan National pale Washington, wapimaji waliupoteza ubao wao chini ya theluji dhoruba ikiendelea. Pima hadi sehemu ya kumi ya inchi, futa ubao, uuweke juu ya theluji mpya. Usifute zaidi ya mara moja kila saa 6. Ukifuta kila saa na kujumlisha, theluji haipati nafasi ya kujishindilia kwa uzito wake na jumla inavimba. Ukingoja mpaka mwisho wa dhoruba ndefu bila kufuta, kinyume chake hutokea.

Sehemu ya kumi si mzaha. Katika dhoruba hiyohiyo ya Januari 2016, Central Park ilitangazwa kuwa na inchi 26.8, pungufu kwa 0.1 ya rekodi ya 2006. Baada ya NWS kupitia vipimo upya, ikagundulika taarifa zilipishana kati ya wapimaji na ofisi. Namba ikawa 27.5, ikawa rekodi mpya.

Kwenye kukusanya taarifa za wengine, chukua ya mwisho tu kutoka kila mji. Taarifa ya saa 12 jioni kwa theluji iliyokoma saa 6 usiku itamwonea mtabiri. Kisha hesabu vitu viwili. Vituo vitatu vilitabiriwa inchi 10 kila kimoja vikapata 4, 10 na 16: wastani wa makosa ni sufuri, na mtu atapiga makofi. Ondoa alama za kutoa na kujumlisha, wastani unakuwa 4, na hiyo ndiyo picha halisi.

Ramani ya kiwango cha juu haihukumiwi kwa dhoruba moja. Miji ya eneo moja hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo usiku mmoja inaweza kupitwa kila mahali na bado iwe sahihi. Kusanya dhoruba za misimu kadhaa: ikipitwa karibu mara 1 kati ya 10, inafanya kazi yake. Ikipitwa mara 3, wanabana upana kati ya chini na juu kupita kiasi, na kwenye makadirio yako ongeza inchi kadhaa juu ya kile wanachoandika.