Mwalimu alifuta mchoro wangu kwa tambara langu mwenyewe

Nianze na tukio lenyewe, maana bila hilo nisingejisumbua kuandika maoni haya kuhusu kozi ya kuchora watu niliyojiunga nayo. Nilikuwa na mchoro wa mkaa, jamaa aliyesimama, umejaa karatasi nzima, kazi ya Jumamosi tatu mfululizo. Vidole vya miguu vyote kumi vilikuwepo. Mikunjo ya kaptula ilikuwepo. Mwalimu akapita nyuma yangu, simu sikioni, anagombana na fundi kuhusu mabati, akachukua tambara lililokuwa begani kwangu, akapiga mara mbili, kwenda na kurudi, kama mama ntilie anavyofuta meza mteja akinyanyuka. Jamaa yangu akatoweka. Kikabaki kiwingu cha kijivu na, kule chini kabisa, kidole gumba cha mguu wa kulia.

Akasema, simu bado sikioni: "Hiki kibao cha saluni." Kisha akaenda zake, yeye na mabati yake na tambara langu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, vibao vya saluni. Ukipita Mbagala au Tandika ukaona kichwa kimenyolewa kiduku, au dada kasukwa twende kilioni, rangi ya bluu nyuma, kuna uwezekano mkubwa mkono ni wangu. Pale darasani sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Ndiyo iliyoniuma kuliko kufutiwa: alijuaje?

Nilijiunga kwa sababu wateja walianza kudai watu wazima wazima. Wa gym anataka kifua na mapaja, fundi cherehani anataka mtu kavaa suti. Kichwa nakiweza hata gizani. Kuanzia shingo kushuka chini nilikuwa nabahatisha tu, naficha mikono mifukoni. Nikasikia kuna chuo hapa Dar kinatoa kozi fupi ya kuchora umbo la binadamu, Jumamosi mchana. Chuo sikitaji. Ada na ratiba kaulizeni wenyewe, wanazo kwenye karatasi nzuri ya rangi.

Ambacho hakimo kwenye karatasi hiyo ni kwamba mwezi mzima wa kwanza hakuna binadamu. Kuna mguu. Mguu mweupe wa plasta, umekatwa juu ya kifundo, umewekwa juu ya stuli. Baada ya mguu, sikio. Baada ya sikio, fotokopi za michoro ya Mfaransa Charles Bargue, iliyotolewa karne ya 19 maalumu kwa wanafunzi kunakili. Mwalimu alituambia Van Gogh, yule mchoraji maarufu wa Uholanzi, alizinakili alipokuwa anaanza, na kwamba mwaka 1890, wiki chache kabla hajafa, alikuwa bado anamwandikia mdogo wake Theo amtumie tena azirudie. Alivyokuwa anasimulia ungedhani barua aliipeleka yeye. Sikatai, habari ni nzuri. Lakini zetu ni fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Kuna baka moja kwenye kisigino nilihangaika nalo saa nzima, nalainisha, nakoleza, kumbe ni uchafu wa mashine.

Halafu kuna suala la dirisha. Chumba kina dirisha kubwa linalotazama kaskazini, na mwalimu anajivunia sana, eti studio zote za Ulaya ziko hivyo. Kwao sawa, jua halipiti upande huo, kivuli kinatulia. Sisi tuko kusini ya ikweta! Mwezi wa sita jua liko kaskazini mchana kutwa. Saa nane kivuli cha pua kiko shavu hili, saa kumi kimehamia shavu la pili, na wewe ulishakichora. Nilipolisema hilo walining'inizia shuka dirishani na kuwasha taa moja pembeni. Umeme ukikatika, tunasubiri. Tumewahi kusubiri mpaka muda ukaisha, tukaenda kunywa chai.

Binadamu alipokuja, alikuja kijana anayebeba magunia sokoni. Kwa mliotegemea kuona mtu uchi, poleni, alivaa kaptula. Anapanda kwenye jukwaa la mbao, mwalimu anazungushia chaki nyayo zake hapo jukwaani ili akitoka kupumzika arudi palepale. Dakika ishirini anasimama, tano anajinyoosha. Mkao wenyewe unaufahamu: mtu aliyesubiri daladala mpaka amechoka, mguu mmoja umebeba mwili, mwingine umelegea. Mtu akisimama hivyo, nyonga ya mguu uliobeba inapanda na bega la upande huohuo linashuka. Mwalimu alilisema hilo mara nyingi. Mimi mabega niliyachora sawasawa, kama henga ya nguo.

Jumamosi ya pili, wakati wa mapumziko, yule kijana akaja kujitazama. Akainamisha shingo kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, hiki kichwa ni changu?" Nikamwambia sanaa ndivyo ilivyo. Akaitikia kwa adabu, akaenda kunywa maji.

Siku ya kufutwa, binti aliyekuwa kwenye stendi ya kuchorea jirani na yangu ndiye aliyeanza kucheka. Wengine wakafuatia. Kijana wa magunia alikuwa hapaswi kusogea, na hakusogea, ila niliona tumbo linamtetemeka.

Kwa wasiojua, mkaa wa kuchorea si penseli. Ni vijiti vilivyochomwa ndani ya kopo lililofunikwa, na unga wake unakaa juu ya karatasi kama vumbi juu ya kabati. Ndiyo uzuri wake: ukikosea unapangusa. Wengine wanaupulizia spreyi ya nywele ushike, lakini mchoro ambao haujaisha haupuliziwi. Kwa hiyo Jumamosi tatu ziliondoka kwa muda wa kupiga chafya.

Nikashuka ofisini kudai hela yangu. Dada wa pale, bila kuinua macho: "Ada ikishalipwa kwa kontroli namba hairudi, kaka. Labda uandike barua." Nimeandika. Wanaisoma bado, nadhani wamefika kwenye salamu.

Hapa nilipanga kumalizia kwa kuwaambia msipeleke hata paka pale. Shida ni kwamba mchoro nilikuwa nimeupiga picha wiki iliyotangulia, nikaweka status. Usiku ule nikaifungua picha kwa hasira, nione walichokiua. Nikachukua kalamu ya wino nikapima kichwa kwenye kioo cha simu, kama tulivyofundishwa kupima kwa penseli, mkono umenyooka na jicho moja limefumbwa. Mtu mzima anaingia vichwa saba na nusu hivi kutoka utosini mpaka kisigino. Wangu aliingia vitano na nusu. Nikapima tena. Vitano na nusu.

Basi nikajaribu na timazi. Hiki kitu, nasema kwa kuumia, ndicho bora nilichokipata kwa yule bwana. Si kifaa cha maana, ni uzi na nati iliyofungwa mwishoni, kama ya mafundi wa ujenzi. Kwenye mkao ule, ukiushusha uzi kutoka kwenye kishimo cha koo, nati inatakiwa itue karibu na kifundo cha mguu uliobeba mwili. Nikauning'iniza uzi mbele ya simu. Nati ikatua nje kabisa, hatua nzima pembeni ya mguu. Jamaa yangu hakuwa amesimama. Alikuwa anaanguka, na kwa kichwa kile angetangulia nacho.

Kwa hiyo sawa, mchoro ulikuwa mbovu. Nimekubali, nimeandika. Lakini kichwa cha yule binti aliyecheka nacho kilikuwa kama tikiti maji, na yeye mwalimu alimchorea kamfano kadogo pembeni ya karatasi, taratibu, "ona hapa, mwanangu, nyonga inapanda". Pembeni ya karatasi yangu hapakuwa na nafasi? Palikuwepo, tena kubwa. Na hata kama ni kufuta, kata simu kwanza. Mwite mtu kwa jina lake. Sisi watu wazima tumelipa, tumepanda magari mawili kufika.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nikiwa nimepanga maneno. Sikuyasema. Alinikuta, akabana karatasi mpya ya gazeti kwenye stendi yangu mwenyewe kwa mkono wake, akasema, "Wewe macho na pua marufuku mpaka nikuruhusu." Kijana wa magunia akawa anabadilisha mkao kila dakika moja: anainama, anavuta, anabeba gunia lisilokuwepo. Dakika moja haitoshi hata kunoa mkaa. Unapiga mstari mmoja wa mgongo, mmoja wa nyonga, mmoja wa mguu uliobeba, muda umekwisha, geuza karatasi. Ishirini za mwanzo ni kama nzi waliokanyagwa. Baadaye kidogo mkono ukaacha kufikiri. Kuna mmoja, mistari isiyozidi sita, hana uso, hana vidole, anashusha mzigo, na unaona kabisa uzito ulipo, unaona goti linavyoupokea. Mwalimu akasimama nyuma yangu. Nikashika karatasi kwa mikono miwili. Akasema, "Huyu kasimama," akapita. Nilifurahi kiasi cha kujionea aibu, mtu na umri wangu.

Nyota tatu, basi. Nilikuwa nimejiandaa kuandika nne hata, mpaka juzijuzi.

Juzijuzi kinyozi mmoja mteja wangu wa siku nyingi kaniagiza kibao kipya. Nikamchorea mtu kasimama, kaweka mkono kiunoni, bega limeshuka, nyonga imepanda, vichwa saba na nusu bila kupunguza. Kibao kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchora, naapa. Kinyozi akakitazama, akarudi nyuma mpaka barabarani, akakitazama tena. "Ndugu yangu, mbona kichwa kidogo? Mteja ataionaje nywele akiwa kwenye bodaboda?"

Nimebisha. Nimemweleza habari ya timazi. Kasema yeye anauza nywele, hauzi kiuno. Na ukweli ni kwamba kibao cha saluni kichwa kinatakiwa kiwe kikubwa, ndiyo biashara yenyewe, na mimi nililijua hilo kabla ya chuo chochote. Nimekipaka rangi upya kwa gharama zangu. Kwa hiyo nimelipia kozi, nimedhalilishwa mbele ya watu, na sasa kazi niliyokuwa naifanya nimefumba macho imeniletea hasara. Nyota mbili. Anayetaka kujua kuchora watu aende, atajua, sitasema uongo. Anayetaka heshima akatafute kwingine.

Na tambara langu, fulana ya pamba iliyolainika vizuri, ambayo dukani huipati, hajanirudishia. Jumamosi hii nimeliona begani kwake, simu sikioni, anaelekea kwa yule binti.