Apumue mwenyewe au apumuliwe na mashine?
Wanafunzi wa nusukaputi hapa Kisumu huniuliza ipi kati ya njia hizi mbili, mgonjwa akiwa usingizini wa dawa, hupandisha lakteti, yaani kemikali inayobaki seli zinapovunja sukari. Mgonjwa akipumua mwenyewe, dawa hupunguza pumzi, hewa ya ukaa hujikusanya na asidi huongezeka. Hapo mwili hutengeneza lakteti kidogo, mradi oksijeni inatosha.

Mashine ni nzuri, hatari ni kuzidisha kasi. Shinikizo la hewa ya ukaa kwenye damu likishuka chini ya milimita 35 za zebaki, asidi hupungua, seli huvunja glukosi haraka, na lakteti yaweza kupita milimoli 2 kwa lita ingawa oksijeni ipo tele. Kwa upasuaji wa tumbo nachagua mashine, nikilinda hewa ya ukaa ibaki 35 hadi 45. Lakteti ikipanda, kagueni kwanza shinikizo la damu na damu iliyomwagika, kisha kasi ya mashine. Wengi huisahau hiyo kasi, na inaniuma.