Jicho Lililoona Lisielewe: Filamu Tatu za Kisu za Italia, Zilizotazamwa Kirumba

Sebule yetu ya hapa Kirumba, Mwanza, haina zaidi ya televisheni ya inchi 32, spika mbili na kochi lililochakaa mkono mmoja, lakini kwa Ijumaa tatu za masika yaliyopita iligeuka kuwa ukumbi wa sinema za Italia. Nilikuwa nimekwenda kwenye maktaba moja ya filamu mjini kurushiwa kwenye flashi filamu tatu za zamani, za mwaka 1964, 1972 na 1975, ambazo kijana wa dukani alilazimika kuzitafuta kwa muda mrefu, kwa kuwa wengine wote waliosimama pale walitaka tamthilia za Kikorea au muvi za mapigano zilizotafsiriwa. Nimezitazama zote, mbili kati yake mara mbili, na ninaandika haya kwa ajili ya mtu anayejiuliza kama inafaa kutoa usiku wake kwa filamu za mauaji zilizotengenezwa pengine kabla yeye hajazaliwa. Inafaa, ila achague, na ajue mapema ni wapi zinakosea.

Waitalia wenyewe huziita filamu za aina hii giallo, yaani njano. Jina hilo lilianzia kwenye karatasi: mwaka 1929 kampuni ya Mondadori ilianza kuchapisha riwaya za upelelezi zenye majalada ya njano, wasomaji wakazoea kuitaja hadithi kwa rangi ya jalada lake, na sinema ilipofuata ikarithi jina. Kwa mtu aliyesoma riwaya za upelelezi za Kiswahili zilizokuwa zikipita mkono kwa mkono shuleni mpaka jalada linachanika, mazingira haya si mageni hata kidogo. Ila filamu za njano ziliongeza mambo mawili ambayo kitabu hakiyawezi kwa namna ile ile. Muuaji haonyeshwi uso. Tunaona mikono yake tu ndani ya glavu nyeusi za ngozi. Na mara nyingi yupo shahidi aliyeona kila kitu kwa macho yake mawili lakini hakuelewa alichokiona. Filamu ikiwa nzuri, shahidi huyo ni wewe uliyekaa kwenye kochi.

Ya kwanza ni Sei donne per l'assassino ya Mario Bava, ambayo dukani utaiulizia kwa jina la Kiingereza, Blood and Black Lace. Ni habari ya nyumba ya mitindo mjini Roma, ambamo wanamitindo wanauawa mmoja baada ya mwingine huku watu wakiwania daftari la kumbukumbu aliloliacha marehemu wa kwanza. Bava alikuwa mpiga picha kabla ya kuwa mwongozaji, na hilo halijifichi. Kuna tukio ndani ya duka la vitu vya kale, usiku: msichana anaingia gizani, nje kuna taa ya tangazo inayowaka na kuzimika, na kila inapowaka samani zinapata rangi, kijani hapa, zambarau kule, kisha giza linarudi na huna hakika tena kama kile kivuli cha pembeni kilikuwapo au umekibuni mwenyewe. Nilisimamisha picha mara tatu ili nitazame rangi tu. Fedha za filamu hii hazikuwa nyingi, na taa ndizo zilizofanya kazi ambayo fedha ingefanya.

Hata hivyo, mwanzoni, majina yanapopita, waigizaji wanaonyeshwa wamesimama tuli katikati ya sanamu za kuvalishia nguo, kana kwamba nao ni sanamu. Niliusifu ubunifu huo nilipouona. Filamu ilipokwisha niliona kwamba kasoro kubwa ilikuwa imejitangaza tangu dakika ya kwanza, kwa sababu wanawake wale hawapewi maisha mengi kuliko sanamu zile. Kifo cha kila mmoja kimepambwa kwa uangalifu na kimepewa muda kuliko mazungumzo yake yote akiwa hai. Ugonjwa huu umeenea katika filamu nyingi za njano, na ndio ulioambukizwa kwa filamu za Marekani za miaka ya 1980 ambamo vijana wanachinjwa kambini. Bava mwenyewe aliwatangulia katika hilo pia kwa filamu yake ya mwaka 1971, Reazione a catena. Mpenzi wa sinema asiyekiri jambo hili hawatendei haki watu anaowashawishi wazitazame.

Kuhusu Profondo rosso ya Dario Argento, ya mwaka 1975, ijulikanayo pia kama Deep Red, ni lazima nianze na nakala yenyewe, maana hapa ndipo mnunuzi anapoweza kupoteza. Nakala niliyopewa kwanza ilikuwa na dakika 105 hivi, ilhali filamu kamili ya Kiitalia inazidi saa mbili. Zaidi ya dakika 20 zilikatwa kwa ajili ya soko la nje, na nyingi kati ya zilizokatwa ni zile za mwandishi wa habari Gianna, aliyeigizwa na Daria Nicolodi, akibishana na kutaniana na mpiga piano Marc, aliyeigizwa na David Hemmings. Ukiziondoa, umemwondoa mwanamke aliye hai kuliko wote katika filamu hizi: anayemshinda Marc kwa kushindana mikono mezani, anayeendesha kigari kibovu ambacho kiti cha abiria kimeshuka kiasi kwamba Marc anaonekana kama mtoto kando yake. Nilirudi dukani nikaeleza, na siku ya pili yake nikapewa nakala kamili. Nayo ina jambo lake. Kwa kuwa sauti za Kiingereza zilirekodiwa kwa toleo fupi tu, katika toleo refu la Kiingereza watu huhamia Kiitalia ghafla katikati ya maongezi na kurudi baadaye. Usidhani faili limeharibika. Hakikisha tu kwamba maandishi ya tafsiri yapo chini ya picha.

Angalia pia upana wa picha. Filamu hii ilipigwa kwa picha pana sana, na nakala zilizokatwa pembeni ili zijaze kioo cha televisheni za zamani zinaiharibu kuliko zinavyoharibu filamu nyingine yoyote ninayoifahamu. Sababu ni hii. Marc, akiwa uwanjani usiku, anamwona jirani yake akiuawa dirishani. Anapanda mbio, anapita kwenye korido iliyojaa picha za ukutani, anamkuta mwanamke amekwisha kufa. Baadaye anashikilia kwamba kulikuwa na picha moja pale koridoni, na sasa haipo. Muda wote uliobaki anahangaika kukumbuka. Sitasema ni nini alichokiona, ila nitasema kwamba nilipomaliza filamu nilirudisha nyuma mpaka kwenye ile korido, na jibu lilikuwa pale mbele yangu, limepita kwa nukta chache tu, na macho yangu yalikuwa yamelitazama bila kulipokea. Mdogo wangu alibisha kwamba mimi ndiye niliyemwonyesha nakala nyingine. Tulirudisha mara nne.

Muziki wa kundi la Goblin nao unastahili spika nzuri. Kinanda na gitaa la besi vinazunguka mzunguko ule ule, kama nyayo za mtu anayepanda ngazi asiyechoka, na kabla ya mauaji kuna wimbo wa kitoto, mwepesi, ambao ndio unaotisha kuliko vyote. Niligundua kwamba mdogo wangu, alipoogopa, hakufumba macho. Alichukua rimoti akapunguza sauti.

Sauti za maneno ni habari nyingine. Sinema ya Italia ya wakati ule kwa kawaida ilipigwa picha bila kutegemea sauti ya papo hapo. Waigizaji walitoka nchi mbalimbali, mara nyingine kila mmoja akisema lugha yake, na maneno yalikuja kuwekwa studio. Midomo na sauti haviendi pamoja. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, ambako mtafsiri huzungumza juu ya picha mwanzo hadi mwisho, tumezoea sauti isiyotoka kinywani mwa anayeonekana. Lakini mtafsiri wetu anakaa upande wa mtazamaji, anamfafanulia na kumchekesha, wakati sauti hizi zinajifanya kuwa za waigizaji wenyewe, na mara nyingi ni kavu. Kwa hiyo napendekeza Kiitalia chenye maandishi, hata kama nacho kimewekwa baadaye. Udhaifu mwingine wa filamu hizi, wa polisi wasiofanya lolote na wa sababu za muuaji kumwagwa haraka dakika za mwisho kwa kisingizio cha jeraha la utotoni, utauona mwenyewe.

Ijumaa ya tatu alikuwapo mama mdogo, aliyekuja kutoka Magu kumuuguza ndugu aliyelazwa hospitali ya Bugando. Nilisita kuweka Non si sevizia un paperino ya Lucio Fulci, ambayo utaipata kwa jina la Don't Torture a Duckling, maana nilijua inahusu watoto wanaouawa. Yeye ndiye aliyesema niweke. Filamu hii ya mwaka 1972 haina Roma wala nyumba za mitindo. Ni kijiji cha mawe kusini mwa Italia, na juu yake inapita barabara kuu mpya, pana, iliyobebwa na nguzo ndefu, ambayo magari yanaikimbilia bila kujua kwamba chini kuna watu. Wavulana wanaanza kuuawa. Kijiji kinatafuta wa kulaumiwa, na kinampata mwanamke anayeishi peke yake porini na kuitwa mchawi, aliyeigizwa na Mbrazili Florinda Bolkan. Naye anakiri, maana kweli alitengeneza sanamu ndogo na kuzichoma sindano, na anaamini kwa moyo wote kwamba sindano zile ndizo zilizoua. Polisi wanathibitisha kwamba hakuwa karibu na mauaji, wanamwachia. Wanaume wa kijiji wanamngoja makaburini.

Hapo Fulci anafanya jambo ambalo wenzake hawakulifanya. Minyororo inapiga, ngozi inachanika, na redio ya gari inaendelea kucheza, mpaka unapoingia wimbo wa mapenzi wa Ornella Vanoni, laini na wa huzuni, huku mwanamke akitambaa. Hakuna rangi ya zambarau wala kivuli cha kupendeza. Ni jua la mchana na wanaume tunaowaona nyuso zao zote, wasio na glavu. Anatambaa hadi ukingoni mwa ile barabara kuu, ananyoosha mkono, na magari ya watu wanaokwenda mapumzikoni yanapita. Wanamwona. Wanapita.

Mtu wa Kanda ya Ziwa hawezi kulitazama tukio hili kama mambo ya Waitalia. Tumeishi na habari za bibi vizee wa Usukuma waliokatwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi jikoni, wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe. Nao pia waliuawa na watu walioona kitu na wakajipa hakika ya kile walichokiona. Katika filamu nyingine mbili kosa la jicho ni fumbo la kufumbua. Katika hii kosa la jicho linaua mtu asiye na hatia, na muuaji halisi bado yuko huru. Kwa hiyo ninaiweka juu ya zote, ingawa mtu anayeporomoka jabalini mwishoni ni mwanasesere dhahiri, na ingawa haifai kabisa kutazamwa na watoto.

Kama utaanza, anza na Profondo rosso, toleo refu, picha pana, kisha urudi kwa Bava kwa ajili ya rangi. Ya Fulci iache ya mwisho, na usiiweke usiku ambao nyumbani mna msiba au mgonjwa. Mimi nilikosea hapo.

Mama mdogo aliitazama hadi mwisho bila kusema neno, akaenda kulala. Alirudi Magu Jumatatu. Jioni yake alipiga simu kunijulisha kwamba amefika salama, akaniuliza hali ya mgonjwa, kisha akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, yale magari, halikusimama hata moja?"

Nikamwambia halikusimama.