MS 381 na MS 462: chenso mbili, cc zilezile

Navuna miti ya misindano Mafinga kwa mkataba, na kwa sasa ninatumia chenso mbili za kampuni ya Stihl: MS 381 ya mtindo wa zamani na MS 462. Nazilinganisha kwa sababu zote ni cc 72.2. Hata hivyo ya zamani inatoa kilowati 3.9 na ina kilo 6.6 bila baa wala cheni, mpya inatoa 4.4 na ina kilo 6.0. Kwa anayepogoa matawi kutwa nzima, bega linaujua huo uzito uliopungua.

Lakini mimi kilichonivuta ni moshi. Ndani ya 381, mchanganyiko wa petroli na oili ndio unaosukuma moshi nje, na sehemu yake inatokea ekzosini bila kuungua. Asubuhi ya Julai, bondeni, ukungu umelala na upepo hakuna, unaisikia petroli mbichi kooni. Jioni shati la kijana anayeshika mashine linanuka petroli hata kabla hajakusogelea. 462 inatanguliza tabaka la hewa safi katikati ya moshi na mchanganyiko, kwa hiyo kinachopotea nje ni hiyo hewa zaidi. Sheria ndiyo iliyowasukuma watengenezaji huko. Marekani, kwa mashine za mkononi za ukubwa huu, kwanza iliruhusu gramu 161 za haidrokaboni, yaani mafuta yasiyoungua, kwa kila kilowati-saa. Kufikia 2007 kiwango kikawa gramu 72, tena oksidi za naitrojeni, gesi nyingine chafu ya moshi, zikihesabiwa humohumo. Sisi tulio mbali na sheria hiyo tunaiona faida yake kwenye dumu la petroli: 462 ikijazwa tangi inakata magogo mengi zaidi.

Kwenye ufundi, 381 bado ina heshima yake. Kabureta ina skrubu, na fundi yeyote mwenye bisibisi anaiweka sawa palepale chini ya mti. 462 yangu ni ya M-Tronic: inajipimia mafuta yenyewe kwa umeme, skrubu za kurekebisha mchanganyiko hazipo. Ikigoma, inataka fundi mwenye kifaa cha kuisoma, na huyo humpati kila kijiji.

Kwa hiyo kama shamba lako liko ndani sana, baki na 381, ila acha kumimina oili kwa macho. Kwa oili ya Stihl yenyewe ni mililita 20 kwa lita moja ya petroli, basi. Ukizidisha unaongeza moshi na masizi. Kama unavuna kila siku na mji uko karibu, nunua 462 hata ikibidi usubiri msimu mmoja ukusanye hela. Tajiri anasimama pembeni. Mapafu yanayovuta ule moshi ni ya kijana aliyeshika mashine. Dukani angalia herufi zinazofuata namba: C-M ndiyo yenye M-Tronic, na kabla ya kulipa ulizia fundi wao anakaa wapi.