Kozi za masoko mtandaoni: ipi ulipie, ipi usome bure, ipi uiache

Kabla ya kutoa ada, chukua kipeperushi cha kozi usome orodha ya mada. Ukikuta wanafundisha "AdWords", orodha hiyo haijaguswa tangu kabla ya Julai 2018, Google ilipoipa huduma yake hiyo ya matangazo jina la Google Ads. Ukikuta Universal Analytics, chombo cha Google cha kupima wanaotembelea tovuti, hiyo iliacha kupokea takwimu mpya Julai 1, 2023, na inayotumika sasa ni GA4 (Google Analytics 4). Na ukikuta siku nzima imetengwa kwa "kubusti posti", yaani kulipia posti ionekane na wengi, huku Ads Manager, chombo kamili cha kupanga na kusimamia matangazo ya Facebook na Instagram, haitajwi popote, unauziwa kitufe ambacho Instagram inakuonyesha bure kila ukiposti.

Bei haikusaidii sana kuchagua. Zipo kozi za bure zilizo safi, na zipo za kulipia zinazofundisha skrini ambazo hazipo tena. Kwa hiyo hapa nimezipanga kwa kipimo kimoja tu: ukimaliza, utaweza kuendesha tangazo kwa hela ya mtu mwingine na kumweleza hela yake ilikwenda wapi? Cheti kinakuja nyuma ya hilo.

1. Masomo ya bure ya kampuni zenyewe, pamoja na hela ya tangazo

Kwa watu wengi hii ndiyo namba moja, na sioni ya kuishusha. Google ina Skillshop, Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, ina Blueprint, HubSpot ina chuo chake cha mtandaoni, na Semrush inafundisha mambo ya kuonekana kwenye utafutaji. Masomo yote hayo unaweza kuyasoma bila kulipa. Mtihani wa Google Ads upande wa utafutaji ni wa dakika 75, unatakiwa upate asilimia 80, na cheti kinadumu mwaka mmoja, kisha unarudia. Ukifeli leo, kesho unaruhusiwa kujaribu tena. Meta iko tofauti kidogo: masomo bure, lakini mtihani wa cheti unalipiwa kwa dola. Usiulipie mpaka mwajiri akuulize.

Ubovu wa njia hii ni kwamba unaweza kukusanya vyeti vitano na hujawahi kutumia hata shilingi moja kwenye tangazo. Ndiyo maana naihesabu kuwa kozi kamili pale tu utakapotenga hela ya mazoezi. Ile ambayo ungelipa ada, iweke kwenye matangazo ya biashara halisi, yako au ya ndugu yako.

Tuseme dada yako anauza madera Kariakoo. Unaweka shilingi 5,000 kwa siku, siku kumi, tangazo linalompeleka mteja moja kwa moja WhatsApp. Zimekwenda 50,000, zimeingia meseji 50. Meta itakuandikia kwamba kila mazungumzo yamegharimu shilingi 1,000, na wanaojifunza wengi hufurahia hapo. Sasa mwulize dada: wangapi wamelipia? Watano, kila mmoja dera moja. Kumbe kila mteja amekugharimu 10,000. Na kwenye dera moja faida yake ni 8,000. Tangazo lililoonekana zuri limekula 2,000 katika kila dera lililouzwa. Sasa kazi yako ni kujua pa kurekebisha: picha, bei, watu waliolengwa, au dada mwenyewe anayekaa saa nne nzima bila kujibu meseji.

Hesabu hii huikuti ikiwa imefanywa hivyo kwenye masomo ya nje. Wao huchukulia kwamba duka lina tovuti na mteja analipa kwa kadi humohumo, kwa hiyo mauzo yanajihesabu yenyewe. Kwetu mteja anaandika "bei?", mnaongea, anatuma kwa M-Pesa, mzigo unapanda bodaboda. Facebook haijui kama ameshalipa. Jifunze kuweka alama kwenye mazungumzo ndani ya WhatsApp Business, na daftari liwe pembeni.

Jambo jingine: Ads Manager kwenye simu inabana. Azima kompyuta, angalau kwa siku za mazoezi.

2. Mkufunzi wa hapa nyumbani, kundi dogo

Kama Kiingereza cha vitabuni kinakuchosha, ipandishe hii iwe namba moja yako. Masomo niliyotaja hapo juu karibu yote ni ya Kiingereza, na mtu anayesoma huku anatafsiri kichwani huacha njiani.

Hapa unachonunua ni jicho la mtu. Video zimejaa bure. Mtu wa kukaa na tangazo lako na kukwambia "hapa umelenga Dar nzima, na mzigo unaufikisha Temeke tu" huyo hayuko bure. Kwa hiyo uliza mko wangapi darasani. Mkiwa arobaini, hakuna atakayeangalia kazi yako. Mwombe mkufunzi afungue akaunti ya matangazo anayoiendesha sasa hivi, afiche jina la mteja, akuonyeshe mwezi uliopita. Anayefanya kazi hiyo hatasita. Anayeishi kwa kufundisha tu ataanza kukusimulia habari za wafuasi wake.

Chuo kinachojitangaza kwamba kinatoa cheti kinachotambulika kiulizwe kinatambuliwa na nani. Tanzania, jina lake litafute NACTVET, Kenya, TVETA, ambao ndio wasimamizi wa vyuo vya ufundi. Mkufunzi binafsi anaweza asiwe huko na bado akafundisha vizuri, ila asikuuzie utambulisho asiokuwa nao. Kijana aliyeko Kenya, kabla ya kulipa popote, apite kwanza kwenye mpango wa serikali wa Ajira Digital, ambao mafunzo yake ni bure.

3. Cheti cha Google kupitia Coursera

Kilianza mwaka 2022, kinagusa masoko ya kidijitali na biashara mtandaoni, na kimepangwa kumalizika ndani ya miezi sita. Kinalipiwa kwa mwezi. Bei ya Marekani ni dola 49. Maana yake ukizubaa unalipa zaidi, ukikaza unalipa kidogo. Coursera inapokea maombi ya msaada wa ada, na inafaa kuomba kabla hujatoa kadi. Kimepangwa vizuri kwa mtu anayeanzia sifuri na asiyeweza kujisimamia. Mifano yake ni ya maduka ya huko, kwa hiyo ule mfano wa madera bado utaufanya mwenyewe.

4. CIM na Digital Marketing Institute

CIM ni chama cha wanataaluma wa masoko cha Uingereza, kilichoanzishwa 1911. Digital Marketing Institute iko Dublin. Vyeti vyao vina uzito benki, kampuni za simu na mashirika makubwa, mahali ambapo afisa rasilimali watu anapanga CV kwa sifa za makaratasi. Kwa muuza viatu Instagram, ni hela iliyopotea njia. CIM usiangalie ada ya masomo pekee: kuna uanachama na ada za mitihani, na hesabu yake ni kwa pauni.

Nimeziweka chini kwa anayelipa mwenyewe. Mwajiri akilipa, zinapanda hadi ya pili. Na Kenya mwajiri ana sababu ya kulipa: anachangia NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Ofisi nyingi huchanga tu na haziendi kudai. Peleka hoja hiyo kwa bosi ikiwa na fomu tayari, na uhakikishe kwanza kwamba mtoa mafunzo amesajiliwa NITA.

5. Semina za hotelini na kozi za magrupu ya WhatsApp

Unazijua: "nafasi zimebaki tatu", picha ya gari, ushuhuda wa mtu asiye na jina la biashara. Ziache.

Ukiamua kulipa popote kati ya hizo nyingine, omba awamu: nusu unapoanza, nusu tangazo lako la kwanza likishakuwa hewani na mkufunzi ameshalipitia. Lipa kwa lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la chuo, usitume kwa namba binafsi ya mtu, na kwa Tanzania udai risiti ya EFD siku hiyohiyo.